Njia Moja, Njia Nyingi: Umoja na Wingi wa Kiswahili katika Anwani za Wavuti

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kulalamika kwamba lugha yetu imeachwa nyuma na tarakilishi. Hakuna kongamano lisilokuwa na mada ya aina hiyo, na aghalabu mada yenyewe humalizika kwa wito wa kuunda istilahi zaidi. Makala haya hayanuii kuurudia wito huo. Yananuia kuonyesha kwamba pana mahali ambapo tatizo si istilahi bali ni sarufi, tena sarufi ile ile tunayofunzwa katika mwaka wa kwanza: umoja na wingi wa nomino. Mahali penyewe ni anwani za kurasa za wavuti, pamoja na viunzi vinavyotumiwa kuzijenga. Rai yangu ni kwamba mpaka uliochorwa na viunzi hivyo kati ya umoja na wingi ni mpaka wa Kiingereza, kwamba Kiswahili hakilazimiki kuufuata, na kwamba anayepaswa kulisema hilo ni mwanafunzi wa Kiswahili kabla ya mwanaprogramu.

Neno "kiunzi" si geni kwetu. Tumelizoea katika tasnifu, pale tunapoeleza kiunzi cha nadharia. Wanaprogramu nao wana viunzi vyao. Anayejenga tovuti leo hachongi kila ubao kwa mkono wake. Hutwaa kiunzi kilichokwisha kuundwa na wenzake, kisha akatia mambo yake ndani. Ruby on Rails, kilichotolewa mwaka 2004 na David Heinemeier Hansson wa Denmark, ni kimojawapo. Laravel, kilichotolewa mwaka 2011 na Taylor Otwell wa Marekani, ni kingine. Viunzi hivi vinafuata kwa kiasi kikubwa mtazamo uliofafanuliwa na Roy Fielding katika tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha California, Irvine: kwamba kila kitu kinachostahili kurejelewa katika wavuti kichukuliwe kuwa ni rasilimali, nayo iwe na anwani yake. Mwanaprogramu hutangaza ndani ya kiunzi njia ya kuifikia kila rasilimali.

Hapo ndipo umoja na wingi unapoingia. Tuchukue mfano wa sajili ya vyoo vya mtaa fulani. Anwani inayoishia kwa "vyoo" humpa msomaji orodha nzima, na ile inayoishia kwa "vyoo/17" humpa choo kimoja kwa nambari yake. Hiyo ndiyo njia ya wingi. Ipo pia njia ya umoja, iliyokusudiwa kitu ambacho mtumiaji anacho kimoja tu, kwa mfano wasifu wake. Njia hii haina nambari, kwa kuwa kiunzi kimekwisha kumtambua aliyeingia na kinajua ni wasifu wa nani unaotakiwa. Katika Rails amri mbili za kutangaza njia hizi hutofautiana kwa herufi moja tu, nayo ni ile "s" ya wingi wa Kiingereza. Taabu hutokea kitu kile kile kinapotakiwa kuwa na njia zote mbili: wasifu wangu mimi, ninaoufikia bila nambari, na wasifu wa kila mwanachama, ninaoufikia kwa nambari. Wapo wanaozitangaza njia zote mbili na kuzielekeza kwa msimamizi mmoja wa ndani. Wapo pia wanaoona kwamba huo ni uchafu, maana kitu kimoja kinapata anwani mbili na hakuna ajuaye ipi ndiyo ya kweli.

Ugomvi huu unadhani jambo moja kabla haujaanza. Unadhani kwamba kila nomino ina sura mbili, na kwamba sura ya pili hupatikana kwa kuongeza kitu mwishoni mwa ile ya kwanza. Rails hakingoji kuambiwa wingi wa neno, bali hujikisia. Kina kanuni nyingi, na kanuni ya mwisho, zote nyingine zikishindwa, ni kubandika "s". Ukikipa "mtu" kinakurudishia "mtus". (Tusikicheke sana. Magazeti yetu ya Kiingereza huandika "matatus" kila siku na hakuna anayestuka.) Ukikipa "kitabu" kinakurudishia "kitabus", na mkasa hauishii hapo. Ukikitaka kikupe umoja wa hiyo "kitabus", kinakataa kuiondoa "s" kiliyoibandika chenyewe, kwa sababu kina kanuni maalumu ya kulilinda neno la Kiingereza la basi, linaloishia kwa herufi hizo hizo. Omba wingi tena, nawe utapewa "kitabuses". Machoni pa kiunzi hiki, kitabu ni gari la abiria.

Neno "njia" ndilo lililonisisimua zaidi, maana ndilo jina la kitu chenyewe tunachokizungumzia. Kiingereza kimekopa kutoka Kilatini maneno ambayo umoja wake huishia kwa -um na wingi wake kwa -a, kwa hiyo kiunzi kikawekewa kanuni kwamba neno linaloishia kwa -ta au -ia huenda tayari ni la wingi. Wingi wa "njia" kwa Rails basi ni "njia". Jibu ni sahihi kwa bahati tu, kwani ukiuliza umoja wake unaambiwa "njium". Vivyo hivyo "familia" hugeuka "familium", na "kata", hiyo kata ya utawala, hugeuka "katum". Mwalimu wa mofolojia anayetafuta mfano wa kanuni ya lugha moja iliyolazimishwa juu ya lugha nyingine hana haja ya kwenda mbali.

Ni haki kuongeza kwamba mlango haukufungwa. Rails humruhusu mwanaprogramu kuandika orodha yake ya jozi za umoja na wingi, na tangu toleo la nne la mwaka 2013 orodha hiyo inaweza kuwekwa kwa kila lugha peke yake. Laravel nacho kinaweza kuelekezwa kutumia kanuni za Kifaransa, Kihispania, Kireno au Kituruki. Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha hizo. Sioni njama yoyote katika hilo. Wasemaji wa lugha hizo waliketi wakaziandika kanuni zao. Sisi hatujaketi.

Je, tukiketi tutaandika nini? Mtu asiyeijua lugha hii kwa ndani atasema kazi ni ndogo: badala ya kiambishi tamati, tumia kiambishi awali, ki- iwe vi-, m- iwe wa-. Lakini "mti" haufanyi "wati". Ili mashine ijue kwamba "mtoto" huwa "watoto" na "mtego" huwa "mitego" ni lazima ijue kipi kina uhai, na hata ikijua hilo itajikwaa kwa "mtume", ambaye ni binadamu kamili na wingi wake ni "mitume". "Chama" huwa "vyama", ilhali "chui" hawi "vyui". "Jina" ni "majina", lakini "jino" ni "meno". "Ulimi" huwa "ndimi", "uso" huwa "nyuso", "ukuta" huwa "kuta". Haya hayatokani na kanuni tatu nne zinazoweza kubuniwa na mwanaprogramu usiku mmoja. Yamo katika kamusi, na kamusi zetu, kuanzia Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, zimefanya kazi hii ya kuonyesha nomino na upatanisho wake kwa miaka mingi. Kilichobaki ni mtu wa kuihamisha kutoka kurasa za kamusi hadi faili la kiunzi, naye awe anajua tofauti ya nomino na upatanisho.

Nimeutaja upatanisho kwa makusudi. Tazama maneno mawili yaliyotawala makala haya, "njia" na "rasilimali". Yote mawili ni ya ngeli ya I-ZI. Nomino haibadiliki hata herufi moja. Kinachobadilika ni kile kinachoifuata: njia hii, njia hizi. Rasilimali yangu, rasilimali zangu. Pamoja nayo wamo nyumba, shule, hospitali, zahanati, barabara, taa, karibu kila kitu ambacho mtu angependa kukiorodhesha katika tovuti ya mtaa. Kwa Rails maneno ya namna hii ni vighairi, kundi dogo la akina kondoo na samaki wa Kiingereza, na kikikutana nalo kinalazimika kubandika neno la ziada katika jina la njia ya orodha ili lisigongane na jina la njia ya kitu kimoja. Kilicho kighairi kwa Kiingereza ni mojawapo ya ngeli kubwa kabisa za Kiswahili.

Hapa pana funzo kutoka kwenye historia ya taaluma yetu. Wanaisimu wa kimapokeo waliofuata mkondo wa Bleek na Meinhof waliupa umoja nambari yake na wingi nambari yake, hata "nyumba" moja ikawa ya ngeli ya 9 na "nyumba" nyingi zikawa za ngeli ya 10. Katika shule za Kenya tunafunza kwa upatanisho wa kisarufi, na ngeli ni moja: I-ZI. Sitaki kufufua ugomvi wa mikondo hiyo miwili, ila nasema kwamba kwa kazi hii mkondo wa pili ndio unaofaa. Unatuambia kwamba rasilimali ni moja, mlango ni mmoja, na kinachoamua kama tunaingia kwa kimoja au kwa vyote ni neno linalofuata. Anwani ya Kiswahili inaweza kuandikwa hivyo: "nyumba/zote", "nyumba/yangu", "nyumba/17". Hakuna njia ya umoja na njia ya wingi zinazohitaji kuunganishwa, kwa sababu hazikutengana. Kwa ngeli ambazo nomino hubadilika, kama KI-VI, ningezikubali sura zote mbili, "choo/chetu" na "vyoo/vyote", zifike kwa msimamizi mmoja, na ile isiyo rasmi imwelekeze mtumiaji kwenye iliyo rasmi badala ya kumwambia ukurasa haupo.

Wasemaji wa Nairobi, kwa njia, wamekwisha kutafuta suluhisho lao kwa ngeli ya I-ZI. Husema "manyumba" na "mabarabara", wakaufanya wingi uonekane ndani ya nomino yenyewe. Sisi walimu hupiga mstari mwekundu. Sipendekezi "manyumba" iwe anwani, lakini ni vyema tukubali kwamba aliyeyasema hayo alihisi haja ile ile aliyoihisi mtunzi wa Rails.

Kibera ni mahali pazuri pa kuyapima mambo haya, kwani ni mtaa ambao umehesabiwa na kuorodheshwa na wengi. Kwa miaka mingi ilisemekana kwamba una watu milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ikapata takriban 170,000. Mwaka huo huo wa 2009 vijana wa Kibera, katika mradi wa Map Kibera, walipita vichochoroni na vifaa vya GPS wakauchora mtaa wao katika ramani huria ya OpenStreetMap, ambamo awali palikuwa peupe. Shule ziliingia, zahanati ziliingia, vyoo viliingia. Majina ya aina za vitu katika ramani hiyo ni ya Kiingereza, na kwa desturi huwa katika umoja: shule ni shule moja, zahanati ni zahanati moja. Choo ndicho kimevunja desturi, kwani jina lake limewekwa katika wingi. Choo kimoja cha shimo kilichoko Kianda kinaandikwa ramanini kwa neno la wingi.

Baadaye ikaja tovuti ya Voice of Kibera, iliyokusanya habari za wakazi juu ya jukwaa la Ushahidi. Jukwaa hilo lilizaliwa Kenya mwezi Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ili raia waweze kueleza waliyoyaona. Toleo lake la pili lilijengwa juu ya kiunzi cha Kohana, ambacho nacho kina kanuni zake za kukisia wingi wa Kiingereza. Anwani zake zilitumia neno la Kiingereza la ripoti, tena kwa wingi, hata pale msomaji alipofungua ripoti moja tu. Lakini tulitazame jina la jukwaa lenyewe. "Ushahidi" ni nomino ya ngeli ya U-U. Mashahidi wanaweza kuwa elfu moja na ushahidi ukabaki ushahidi. Mtu mmoja akitoa maelezo yake mahakamani, huo ni ushahidi. Maelfu wakituma maelezo yao kwa rununu, huo pia ni ushahidi, na kitenzi hakibadiliki. Waliolichagua jina hilo walichagua, kwa kujua au kwa silika ya lugha, neno ambalo ndani yake mmoja na wengi hawatengani. Kisha sehemu ya ndani ikajengwa kwa lugha inayowatenga. Mtu wa fasihi hawezi kulipita jambo hilo bila kusimama.

Itasemwa kwamba haya yote ni ya ndani ya mashine, kwamba Kiingereza ndicho lugha ya wanaprogramu duniani kote, na kwamba mtumiaji anahitaji tu maandishi ya juu yatafsiriwe. Hoja hiyo ina uzito. Mwanaprogramu wa Kisumu anayeshirikiana na mwenzake wa São Paulo anahitaji lugha ya pamoja, na sitamzuia. Kazi ya kutafsiri maandishi ya juu nayo si ya kubezwa: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupatia Jambo OpenOffice mwaka 2004. Hata hivyo, anwani si ya ndani. Huonekana juu ya ukurasa, hutumwa kwa ujumbe mfupi, husomwa kwa sauti redioni, hubandikwa ukutani penye kioski cha maji. Ni maandishi ya hadharani kama kibao cha barabara. Tena yule anayejifunza programu akiwa na Kiswahili kizuri cha kidato cha nne na Kiingereza cha kubahatisha hukutana na mpaka huu mapema sana, naye hudhani kosa ni lake.

Jirani yangu mmoja wa Kianda ni wa namna hiyo. Amejifunza programu mwenyewe, naye alikuwa akitengeneza sajili ya vyoo na mabomba ya upande wetu wa kijiji, ionyeshe zamu za usafi na malipo ya kila ploti. Majina yote ndani yake yalikuwa ya Kiingereza, japo hakuna mtumiaji wa sajili hiyo anayeita choo kwa Kiingereza. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mwalimu, hii kitu haijui Kiswahili. Niliandika choo ikaniletea choos." Nilimsamehe hiyo "hii kitu", tukaketi.

Kuandika jozi za maneno yake hakukuchukua hata saa moja. Kilichotuchelewesha ni njia ya umoja. Kiunzi kinadhani kwamba kitu kisicho na nambari ni changu mimi niliyeingia: wasifu wangu, akaunti yangu. Kianda choo si changu. Ni kimoja, lakini ni cha ploti nzima, nyumba kumi au zaidi, na kila mtu akikitaja husema "choo chetu", kama anavyosema "kwetu" hata akiwa anaishi peke yake. Umoja wa kitu na wingi wa wenyewe vimo katika neno moja, "chetu": ch- inakihesabu choo, -etu inawahesabu watu. Hakuna mahali katika amri mbili za Rails ambapo jambo hilo linatoshea. Ilibidi anwani "choo/chetu" ifundishwe kumtafuta kwanza aliyeingia, kisha ploti yake, kisha choo cha ploti hiyo, wala si choo cha mtu. "Bomba/letu" ilikuwa ngumu zaidi, kwani bomba moja hutumiwa na ploti mbili tatu, na kila ploti husema ni letu.

Maji bado hatujakubaliana. Yeye anataka anwani iwe "mitungi", kwa kuwa watu hulipa kwa mtungi na mtungi huhesabika. Mimi nataka iwe "maji", ngeli ya YA-YA, yasiyo na umoja wala nambari, kwa kuwa anayefungua ukurasa huo asubuhi hataki kujua idadi ya mitungi bali kama maji yapo. Kwa sasa zimewekwa zote mbili.